Uzoefu wangu: kusaka santuri za dansi kwa mguu na kwa simu

Mimi ni wa hapa Chuga, yaani Arusha, nakusanya santuri za muziki wa dansi, zile ndogo za inchi 7 za kina Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz, Simba Wanyika na wenzao. Zamani nilikuwa natafuta kwa mguu, sa hivi nyingi naagiza kupitia Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuziana santuri, na washkaji wananiuliza sana kama inalipa kwa mtu wa huku kwetu kwahiyo acha nieleze.

Kwa mguu ilikuwa hivi: unazunguka Kaloleni, Ngarenaro, siku nyingine unashuka Moshi kwenye mitumba ya Memorial, ila sehemu ya kwanza kabisa ni kwa mafundi redio maana fundi ndo anajua nani alileta gramafoni ikafia pale na mwenyewe hakurudi kuichukua. Ukibahatika unapelekwa kwa mzee ana boksi uvunguni. Shikamoo, marahaba, chai inaletwa, unapigiwa stori za madansi ya enzi zake mpaka jioni, ndo boksi linafunguliwa. Hapo sahani, yaani santuri yenyewe, unaishika mwenyewe, unailaza kwenye mwanga wa dirisha na mikwaruzo yote inajianika, ile ya juu juu itapiga kelele kama vitunguu kwenye mafuta lakini wimbo utaenda, ila ukipitisha ukucha ukakwama kwenye mkwaruzo ujue sindano nayo itaruka, achana nayo. Bei mnaongea. Elfu tatu, elfu tano, na kuna wazee wanakupa bure ukiwaahidi kuwawekea nyimbo kwenye flashi.

Shida ni kwamba mzigo wenyewe ni kiduchu. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukaja kufunguliwa 1983, sasa piga hesabu ni sahani ngapi hazikuvuka Namanga miaka yote hiyo. Tena kina Wilson na George Kinyonga walikuwa hapa hapa mjini na Arusha Jazz kabla hawajahamia Kenya 1971 wakaanzisha Simba Wanyika, kwahiyo kazi zao ukizitaka unazitafuta kule kule.

Sasa Discogs. Ilianza mwaka 2000 kama orodha ya muziki wa elektroniki tu, watu wenyewe wanajaza, baadae ndo ikapokea kila aina na watu wakaanza kuuziana. Kwa upande wa taarifa hamna mpinzani kwa kweli. Unapata lebo, namba ya toleo, picha za pande zote mbili, hadi zile namba zilizochongwa kwenye sehemu tupu karibu na lebo, na unaona imewahi kuuzwa bei ya chini, ya kati na ya juu. Nyimbo zetu nyingi zilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B, na zamani ukikuta lebo imechanika hujui hata unasikiliza nini.

Kununua ndo kuna kazi. Kwanza wauzaji kibao wameweka hawatumi Tanzania, inabidi umwandikie umbembeleze. Alafu unaona sahani euro 20, unafurahi, gharama ya kutuma inakuja karibu sawa na sahani yenyewe, na ushuru ukikukuta unaongezea. Dawa yake ni kununua nyingi kwa muuzaji mmoja zije kwenye boksi moja. Malipo hayasumbui, kadi ya Visa ya kwenye simu inapita.

Linaloniuma zaidi ni madaraja ya ubora wa sahani. Mtu anaandika VG+, maana yake imechezwa ila imetunzwa vizuri, unaipokea unakuta imechoka vibaya mno. Jamaa mmoja wa Ulaya alinifanyia hivyo, nikamtumia video ya sindano inavyoruka akarudisha nusu ya hela baada ya mabishano marefu. Tangu hapo silipi bila kutumiwa sauti ya pande zote mbili, anayegoma namwacha na sahani yake.

Kuna moja ilitoka Uholanzi, kwenye lebo kuna jina la mtu kwa peni ya bluu na chini yake S.L.P. Moshi. Nilicheka ila iliniuma, yaani iliondoka hapo chini kwa bei ya soda mimi nairudisha kwa euro.

Na hii bei ya mtandaoni imeshafika mitaani bana. Juzi juzi nimeenda kwa mzee mmoja kule Sakina, mjukuu wake katoa simu akanisomea ile bei ya juu kabisa, wakati sahani yenyewe imepinda na haina kava. Namwambia mdogo wangu hiyo ni ya iliyo safi kabisa, hasikii. Babu yake anacheka tu.

Kwahiyo mimi Discogs naipa nne kwa tano kwenye taarifa, kwenye kununua tatu, na kama una muda na nauli anza na mafundi redio kwanza. Mwenye boksi uvunguni hapa mjini au Moshi tutafutane, chai nitakunywa, stori nitasikiliza, ila mjukuu aweke simu chaji.