TAHADHARI: SM57 feki zinauzwa kwa wapiga gitaa, msitume hela

Ndugu wanamuziki, hasa mnaoanza kurekodi gitaa la umeme: kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya wapiga gitaa akiuza maiki za Shure SM57 kwa nusu ya bei ya dukani. Anadai ni mpya, boksi limefunguliwa kwa ukaguzi tu. Msimwamini. Nimeletewa kadhaa na watu waliouziwa naye, na zote ni feki. Bado anauza.

Hiyo SM57 ameichagua kwa makusudi. Ipo sokoni tangu 1965, na ukimuuliza karibu mtu yeyote aliyewahi kurekodi ampu (kikuza sauti cha gitaa), hiyo ndiyo atakayokutajia kwanza. Ni maiki ya dainamiki, haihitaji umeme wa nje, inastahimili kelele za spika hata ukiibandika karibu na wavu, na karibu na hezi 5,000 hadi 6,000 (hezi ni kipimo cha wembamba na unene wa sauti) sauti yake inapanda kidogo, jambo linalolisogeza gitaa mbele kwenye mchanganyiko wa ala. Anayeanza hahitaji kushawishiwa. Analitafuta jina, naye tapeli anamuuzia jina.

Kinachowaponza watu ni kwamba feki hizi zinafanya kazi. Ukichomeka, sauti inatoka, na ukisema "moja, mbili" unasikika vizuri tu. Shida inaanza ukiiweka mbele ya ampu: sauti nyembamba, juu inakwaruza, chini hakuna kifua. Hapo mnunuzi anaanza kujilaumu. Mmoja wa walioniletea alishabadilisha nyuzi na pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi kwenye gitaa), na ampu alikuwa ameitangaza iuzwe, wakati ampu yake haina kasoro yoyote. Tuliweka maiki yake na SM57 halisi bega kwa bega, sentimita tatu kutoka kwenye koni ileile (sehemu ya spika inayotikisika), akapiga kipande kimoja. Hatukuhitaji kusikiliza mara mbili.

Kisha tukazifungua. SM57 inafunguka katikati kwa kuizungusha: kichwa kinabaki upande mmoja, mpini upande wa pili, vikiunganishwa na nyaya nyembamba, kwa hiyo zungusha taratibu usizikate. Kwenye halisi, ndani ya mpini kuna transfoma iliyogandishwa kwa gundi, na hiyo ni sehemu ya sauti yake. Kwenye feki tuliyofungua mpini haukuwa na transfoma. Nyaya zilikwenda moja kwa moja kwenye plagi, na pembeni kulikuwa na kipande cha chuma kilichobandikwa ili maiki iwe nzito mkononi. Hicho chuma ndicho kilichoniudhi kuliko yote, maana aliyekiweka alijua kabisa kwamba mnunuzi ataipima kwa kiganja. Kiwandani wanaandika gramu 284. Tumia mizani, lakini uzito ukiwa sawa bado usitulie mpaka umeona ndani.

Sasa maneno yake, myajue mapema. Kwanza atakutumia rekodi tamu ya gitaa, akisema imerekodiwa na maiki hiyohiyo. Mwombe video moja isiyokatwa, inayoonyesha maiki mbele ya spika, kebo ikifuatwa hadi kwenye kadi ya sauti, halafu apige. Hapo kwa kawaida anaacha kujibu. Pili, atajisifu kwamba maiki zake zinafika hezi 20,000. SM57 yenyewe imeandikwa hezi 40 hadi 15,000, na spika ya kawaida ya gitaa inaanza kushuka kwa kasi baada ya hezi 5,000 hivi, kwa hiyo hiyo namba anayojivunia haikusaidii kitu kwenye ampu. Tatu, ukilalamika kwamba sauti ni dhaifu, anakwambia uwashe volti 48, yaani umeme ambao kadi ya sauti hupeleka kwenye maiki zinazouhitaji. Maiki ya dainamiki haitumii volti 48. Muuzaji wa maiki asiyejua hilo hafai, na anayelijua akakwambia hivyo anapoteza muda wako mpaka siku za kurudisha mzigo zipite.

Ameanza pia kuuza "maiki za ribon", yaani zenye utepe mwembamba wa chuma ndani, akizisifu kwamba zinalainisha ampu kali. Ribon ya kweli inafanya hivyo, na nyingi zinasikia mbele na nyuma huku ubavuni zikiwa karibu kiziwi. Ongea ukiizunguka. Kama ubavuni sauti yako bado inasikika vizuri, na nyuma unasikika kwa mbali tu, si ribon ya aina hiyo. Na ribon isiyo na saketi ya umeme ndani iwekwe mbali na volti 48, kwa sababu kebo mbovu ikipitisha umeme vibaya utepe unaweza kuharibika.

Kama bajeti haifiki SM57 halisi, nunua dainamiki ya bei nafuu inayouzwa kwa jina lake yenyewe. Iweke katikati ya koni, kisha isogeze polepole kuelekea ukingoni: katikati kuna makali, ukingoni panatulia. Sentimita chache hapo zinabadilisha sauti kuliko wengi wanavyodhani, na ni bure. Mwenye hela ya SM57 aanzie kwenye tovuti ya Shure, wauzaji walioidhinishwa wameorodheshwa pale.

Mliokwisha kununua kwake, pigeni picha za ndani, hifadhini mazungumzo yote, daini hela yenu sasa. Tafadhali msimuuzie mwingine kama orijino ili kufidia hasara. Na wewe ambaye mzigo wako uko njiani, usithibitishe kwamba umepokea kabla hujaifungua maiki na kuiona transfoma kwa macho yako.