Uzoefu wangu: wanawake wanne, kikoba kimoja, tumeenda Victoria Falls na Chobe kwa basi

Kabla sijaanza niseme tu hili sio tangazo, sijalipwa na mtu na wala sijapewa ofa. Mwaka mzima na miezi miwili tulikuwa tunachanga sisi wanne, mimi, dada yangu, wifi yangu na shoga angu wa kazini, kila mwisho wa mwezi laki moja na nusu kila mtu, lengo moja tu twende tukaone Victoria Falls, yale maporomoko ya mto Zambezi, na tembo wa Chobe kule Botswana. Na kila tuliyemwambia alituuliza swali lile lile, jamani nyie mna Serengeti hapo mnaenda kuangalia tembo wa watu? Baba mkwe ndo alinimaliza kabisa, akasema hela ya kuangalia maji yanaanguka si ungeezeka nayo nyumba.

Tulianza kwa kutafuta kampuni ya kutupangia safari, na hapa ndo nataka kuongea kwa kirefu maana naona wengi wanaanguka hapa. Kampuni siitaji jina, iko hapa hapa mjini, ofisi nzuri, kiyoyozi, dada wa mapokezi mchangamfu, wakatutumia kwoteshini yenye mapicha mazuri mpaka wifi akaiweka stetasi. Dola 1,400 kwa kila mtu, bila nauli ya ndege. Tukashtuka lakini tukasema sawa tutajazia na mishahara, tukalipa dipoziti dola mia mia. Kilichotuamsha usingizini ni mstari mmoja mdogo huko chini, "KAZA Univisa, dola 50", imezidishwa mara nne. Shoga angu ana shangazi yake Ndola, keshaenda Zambia mara tatu na hajawahi kulipa visa hata senti. Akaniuliza hii visa ya nini?

Ndo tukaanza kusoma wenyewe. Hiyo Univisa ipo kweli, ni visa moja ya Zambia na Zimbabwe na inakuruhusu kuingia Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula, ila ni ya watu wanaohitaji visa. Mtanzania mwenye pasi yake haitaji visa Zambia, haitaji Zimbabwe, na Botswana vile vile haitaji. Yaani walichukua pakeji ya Mjerumani wakafuta jina wakaandika letu! Tukaangalia tena, viingilio vyote vimepigwa bei ya wageni wa kimataifa wakati upande wa Zimbabwe wana bei tatu, ya wenyeji, ya watu wa SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na ya wengine wote, na sisi tuko SADC. Halafu safari yenyewe walitupangia Aprili, eti kuna ofa.

Aprili! Nilivyokuja kuelewa maji ya Zambezi yanavyokwenda nilicheka kwa uchungu. Mvua inanyesha Angola na kule kaskazini magharibi mwa Zambia, maji yanachukua muda mrefu kushuka, kwa hiyo mto unajaa kabisa Aprili wakati mvua yenyewe karibu inaisha. Maporomoko yanakuwa na nguvu ya ajabu ila ule mvuke unakuwa mzito mpaka unasimama mbele yake huoni kitu, unasikia mngurumo tu na umelowa mpaka chupi. Kushuka mto kwa boti la mpira ndo basi tena, na lile dimbwi la ukingoni, Devil's Pool, linafungwa. Ukienda mwisho wa Oktoba au Novemba nako upande wa Zambia unakuta mwamba mkavu na joto la kukaangia yai. Tukaamua Septemba, maji yapo, ukungu umepungua, na vitu vyote vimefunguliwa. Dipoziti yetu walirudisha nusu baada ya miezi miwili ya kupigiana simu. Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada wa mapokezi.

Kuanzia hapo tukapanga wenyewe kwenye grupu la wasapu. Kuna walioshauri TAZARA na mandhari yake, ila likizo zetu zilikuwa siku kumi na mbili tu, tukachukua basi la moja kwa moja Dar mpaka Lusaka. Naomba msije mkadhani ni kama kwenda Moshi. Ni karibu kilomita elfu mbili, siku mbili kiti kimoja, miguu inavimba unavua viatu havivaliki tena. Tunduma na Nakonde siku hizi ukaguzi ni wa pamoja, kituo kimoja, tulitumia kama saa moja na nusu, wakagonga pasi, mimi wakaniuliza kadi ya homa ya manjano, wifi hawakumuuliza, kwa hiyo beba tu. Tulichokosea ni kubadilisha hela kwa wale vijana wa nje. Yule kijana alihesabu kwacha mbele ya macho yangu, moja mbili tatu, mkono unakwenda haraka, kumbe noti mbili zimekunjwa katikati zinahesabiwa pande zote mbili. Nimekuja kugundua tuko Mpika. Shoga angu kila tukinunua kitu ananiambia muombe yule kijana akulipie.

Nakonde bado Kiswahili kinatembea kabisa, unanunua ndizi unapunguziwa bei kama uko Mbeya, lakini kadri basi linavyokwenda kinakauka, mpaka Lusaka umebaki na Kiingereza chako cha ofisini. Pia saa inarudi nyuma moja ukivuka, muweke akilini, maana sisi mambo ya saa yalituponza baadaye.

Lusaka tulilala usiku mmoja tu, asubuhi basi lingine, kama kilomita 470 hivi mpaka Livingstone, mji wa Zambia ulio karibu na maporomoko. Tulifikia hosteli, chumba cha watu wanne, vitanda vya juu na chini, choo cha pamoja ila kisafi, jiko la kupikia, dola 15 kila mtu. Kwa hosteli nyota nne, moja nimekata kwa sababu ya nyani, maana walibeba mkate wetu mzima mezani na mlinzi anaangalia tu anacheka.

Maporomoko sasa. Jina lake la kule ni Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na wifi aliposikia akasema kumbe ni moshi tu, hawa ni ndugu zetu. Upande wa Zambia Septemba maji yameanza kupungua, unaona mwamba mrefu mweusi na michirizi myeupe hapa na pale, nzuri lakini nikajisemea moyoni mh, ndo hii? Kesho yake tukavuka daraja kwa miguu kwenda upande wa Zimbabwe, lile daraja la chuma la mwaka 1905, chini yake kama mita 128 mpaka kwenye mto, katikati kuna watu wanaruka banji, yaani wanajirusha chini wamefungwa kamba, tukasimama tukamwangalia kijana mmoja anahesabiwa tano nne tatu halafu akagoma, akarudi ameshika nguzo. Hapo darajani wauzaji wanakufuata na noti za zamani za Zimbabwe, dada yangu amenunua ya trilioni mia kwa dola chache, sasa anajiita trilionea kwenye kila picha.

Na upande wa Zimbabwe ndo nilinyamaza. Ukingo una kama kilomita moja na mita mia saba, sehemu kubwa unaiona ukiwa huko, na pale mwanzoni karibu na sanamu ya Livingstone maji hayakauki mwaka mzima. Unatembea kwenye msitu mbichi unaodondosha matone wakati mita mia mbili nyuma nyasi ni kavu kabisa, kwa sababu ya ule mvuke tu. Upinde wa mvua ulikuwa chini yetu, yaani unainama kuutazama. Shoga angu mwenye maneno mengi alikaa kwenye jiwe dakika ishirini hakusema kitu. Kwa hiyo kama una siku moja tu na hela ya kiingilio kimoja, na ni Septemba, vuka daraja.

Devil's Pool alienda dada peke yake, sisi wengine tuna watoto. Unapelekwa kwa boti mpaka kisiwa cha Livingstone, unaogelea kidogo, halafu unaingia dimbwi lililoko kwenye mdomo kabisa wa maporomoko, mwongozaji amekushika miguu unachungulia chini. Karudi analalamika kitu kimoja tu, visamaki vidogo vinamdonoa vidole.

Siku ya Chobe, ile hifadhi ya tembo ya Botswana, tulilipia kwa wakala mdogo wa pale pale Livingstone, dola 170 kila mtu kila kitu ndani, usafiri, boti, chakula, gari la mchana. Nyota tano, ingawa tulikaribia kuikosa kwa ujinga wetu. Dereva alimwambia wifi kwa simu atatufuata "seven hours". Kule ndo wanavyotaja saa, wanataja namba kisha "hours", yaani saa moja asubuhi yetu. Wifi akatuambia saa saba, tukasema aa basi tulale, mchana bado. Saa moja asubuhi mlango unagongwa, mtu na gari nje, mimi nina mafuta ya nywele kichwani na kitenge. Wifi anajitetea eti hata saa zao ziko nyuma! Tuliondoka baada ya dakika kumi, dada ameshika viatu mkononi.

Unafika Kazungula unavuka daraja jipya, limefunguliwa Mei 2021, mita 923, na ukiliangalia vizuri limepinda. Dereva akatueleza limepindishwa makusudi lisiguse Zimbabwe, maana pale nchi nne zinakutana karibu karibu, Zambia, Botswana, Zimbabwe na Namibia. Zamani mlikuwa mnasubiri pantoni. Upande wa Botswana baada ya pasi unakanyaga mkeka wenye dawa ya ugonjwa wa mifugo, na kila kiatu ulichobeba kwenye begi unatoa unachovya. Wifi alikuwa na raba nyeupe mpya, amechovya huku anafumba macho.

Boti la Kasane, mji wa Botswana kando ya mto Chobe, ndo jibu langu kwa wale wa "mna Serengeti". Serengeti unamwona tembo ukiwa juu ya gari, hapa umekaa chini, usawa wa maji, na tembo anavuka mto mbele yako, mwili wote umezama umebaki mkonga juu kama bomba la kupumulia. Nyuma yake mtoto, mkonga wake mfupi unazama zama, mama anamsukuma na paji la uso. Tulizima injini tukasikia wanavyopumua. Botswana ndo nchi yenye tembo wengi kuliko zote duniani, wanasema kama laki na thelathini elfu, na siku ile nadhani nimeona mia tatu kwa macho yangu mawili. Katikati ya mto kuna kisiwa cha nyasi, Sedudu, chenye bendera ya Botswana, waligombea na Namibia mpaka mahakama ya kimataifa kule The Hague ikawapa Botswana mwaka 1999, na nyati wanakula majani pale hawana habari.

Kushuka mto tulienda mimi na shoga angu, dola 130. Sitadanganya, sirudii. Unashuka korongo kwa miguu, wanakupa helmeti na jaketi la kuelea, mwongozaji anakufundisha amri tatu, halafu maji yenye ugumu wa kiwango cha tano. Kuna poromoko namba tisa lina jina la kujiua, pale hata wao hawapiti na wageni, mnashuka mnatembea kwenye mawe boti linapelekwa tupu. Mimi nilidondoka kwenye lile linaloitwa mashine ya kufulia. Chini ya maji hujui juu ni wapi, nilimkumbuka baba mkwe na bati zake. Nikaibuka nimeshika kasia na kiatu kimoja. Kampuni ile usalama wao niliupenda, kuna kijana wa kayaki alinifikia kabla sijamaliza kukohoa, ila kupanda korongo jioni hakuna aliyetuonya, magoti yangu ya miaka arobaini na mbili yalilia siku tatu.

Chakula hakitakushinda, nshima ni ugali, na kapenta ni dagaa, tena wale wa ziwa Kariba walipandikizwa kutoka ziwa letu la Tanganyika miaka ya sitini, kwa hiyo nilikuwa nakula dagaa wa nyumbani waliohamia. Majani ya maboga na karanga wanapika vizuri kuliko mimi.

Jumla kila mtu ametumia kama milioni mbili na laki tatu, nauli zote, kulala, kula na starehe, kasoro mimi na shoga angu tuliongeza za boti la mpira na dada za dimbwi lake. Kurudi tulikuwa na siku mbili tena za basi, mimi miguu juu ya begi, wifi anapigana na raba zake zimeota doa la njano.

Kikoba kimeanza upya mwezi uliopita. Wifi anataka Namibia akaone michanga ya Sossusvlei, mimi nataka Cape Town, na dada bado anadaiwa laki nne ya safari hii lakini ndo anaongea kuliko wote.