Xenorhabdus au Photorhabdus: nani kampata mnyoo kirahisi?

Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, akifukua mizizi akakuta funza wawili waliokufa, mmoja wa kahawia, mwingine mwekundu kama tofali, asidhani ni ugonjwa mmoja.

Yule wa kahawia huenda kauawa na mnyoo Steinernema akisaidiwa na bakteria wake, Xenorhabdus. Kwa Xenorhabdus nematophila, ufunguo ni jeni tatu: nilA, nilB na nilC. Ukiziondoa, bakteria hashiki kwenye kifuko kidogo kilicho mwanzoni mwa utumbo wa mnyoo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba Xenorhabdus wa spishi nyingine akipewa jeni hizo huweza kuhamia ndani ya Steinernema carpocapsae, nyumba isiyo yake. Jeni tatu tu! Mimi bado nastaajabu.

Mwekundu ni kazi ya mnyoo Heterorhabditis na bakteria wake, Photorhabdus. Hapa safari ni ndefu: jeni za mad hutengeneza vinyweleo vya kunata, bakteria wakajishika kwanza kwenye utumbo wa mnyoo mama, ndipo watoto wakarithishwa. Kipande cha DNA hugeuka kama swichi kuwasha jeni hizo, tena katika seli chache tu za bakteria. Jeni za lux nazo humfanya funza ang'ae gizani, ila kwa mwanga hafifu. Subiri macho yazoee.

Na shambani, minyoo hii ikitumiwa kuua wadudu? Kwa funza wa mizizini ningechagua Heterorhabditis, maana hutafuta windo chini; Steinernema carpocapsae huvizia juu juu. Jua la Dodoma huwaua wote, kwa hiyo wanyunyizwe jioni, udongo ukiwa umelowa.