Losheni ya kukinga jua SPF 50: uzoefu wangu wa miezi mitano na mtoto mwenye ualbino

Mwanangu ana miaka minane, ana ualbino, na tunaishi Busia upande wa Uganda. Ikweta iko kama kilomita 50 tu kusini kwetu, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jua la hapa ni kali hata kwetu weusi, sembuse kwa ngozi isiyo na melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, ya kuikinga. Losheni ninayoieleza ni tyubu ya mililita 50, SPF 50 (SPF ni namba ya kiwango cha kinga dhidi ya jua). Niliinunua famasi kwa shilingi 55,000.

Tyubu ya kwanza niliilaumu bure. Ilikuwa Machi, siku ya michezo shuleni, na asubuhi mawingu yalikuwa yametanda. Kwa kuwa ni ghali, nilikamua kiasi cha punje ya harage, nikaisambaza usoni mpaka ikapotea. Masikio sikuyagusa. Kofia aliivua akimbie mbio za magunia, hakuivaa tena.

Alirudi saa kumi, masikio na kisogo vimekuwa vyekundu. Nikadhani yataisha na jioni. Usiku hakuweza kulala chali. Asubuhi ncha za masikio zilikuwa zimeota malengelenge madogo yaliyojaa maji, na shingoni palikuwa na mstari kama uliochorwa kwa rula, pale kola ya shati ilipoishia: juu yake pamewiva, chini yake ngozi yake ya kawaida. Kumbe ndivyo kuungua kwa jua kulivyo. Hakujionyeshi papo hapo. Huzidi kati ya saa 12 na 24 baadaye. Na mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno.

Jirani mmoja alileta samli, mwingine akasema nimpake dawa ya meno. Muuguzi wa kituo cha afya alivikataa vyote viwili. Alitaka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, si barafu, maji mengi ya kunywa, na paracetamol kwa maumivu. Malengelenge yasitumbuliwe, kwa sababu ngozi ile ya juu ndiyo inayofunika kidonda. Akasema mtoto akipata homa, akitapika au akilegea, nimrudishe mara moja. Kisha akaniuliza, "Mama, ulimpaka kiasi gani?" Nilipomwonyesha kwa ncha ya kidole, alinyamaza kidogo, akanionyesha vidole viwili: losheni ikamuliwe kutoka shina hadi ncha ya vyote viwili, na hiyo ni ya uso na shingo tu. Namba iliyoandikwa kwenye tyubu hupimwa kwa tabaka nene namna hiyo. Ukipaka kidogo, hupati 50 uliyoilipia. Apakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, na arudie kila saa mbili akiwa juani au akitokwa jasho.

Nikafuata. Siku ya nne tyubu ilikuwa tupu! Uso, mikono, miguu ya mtoto mwenye kaptura, mara mbili kwa siku. Nani ataweza gharama hiyo?

Ndipo nikageuza hesabu: kazi kubwa niliipa nguo. Nilimtafutia mitumbani mashati mawili ya mikono mirefu yenye kitambaa kilichoshonana, suruali ndefu, na kofia ya pama yenye ukingo mpana unaofunika masikio na kisogo. Mwalimu wake, Mungu ambariki, alikubali kumtoa kwenye kazi za bustani za mchana. Losheni sasa ni ya uso, masikio, shingo na viganja kwa juu, na tyubu hufika wiki mbili na nusu. Hajaungua tena.

Kuhusu losheni yenyewe: haina harufu kali, haimwashi macho akitoka jasho, na kwake haionekani. Kwangu mimi huacha rangi ya kijivu usoni, kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi aijaribu mkononi kwanza. Usihangaike kutafuta SPF 100. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi ya UVB, yaani urujuanimno unaounguza ngozi zaidi, na 50 karibu 98. La muhimu zaidi, angalia kama tyubu imeandikwa UVA pia, yaani urujuanimno wa aina ya pili unaopenya ngozi kwa kina zaidi, kwani namba ya SPF inahusu hasa UVB. Tazama tarehe ya kuisha, wala usinunue iliyoanikwa juani barazani.

Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kitengo kinachotengeneza losheni ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino. Mimi hapa nategemea famasi, na lalamiko langu kubwa ni tyubu hizi ndogo. Ningepata chupa ya mililita 200 kwa bei ya tyubu tatu, ningeinunua leo hii.