Tangi la samaki la "lita 200": kazi ya fundi safi, lita hazifiki

Tangi hili nimelinunua Dar es Salaam, kwenye duka la samaki wa mapambo, kwa laki sita na nusu pamoja na meza ya chuma, filta ya ndani na taa. Limetengenezwa kwa vioo vya milimita 8. Urefu sm 100, upana sm 40, kimo sm 50. Ubavuni kuna kibandiko: LITA 200. Naandika kwa kirefu kwa sababu kazi ya tangi nimeipenda sana, na kwa sababu hicho kibandiko kinaweza kuua samaki wa mtu.

Kazi ya fundi kwanza, maana anastahili sifa. Silikoni ya ndani imepigwa na mkono uliotulia. Mstari ni mwembamba, haujakatika popote, wala hakuna povu lililonaswa kwenye kona. Kingo za juu zimesagwa, unapitisha kiganja bila kuogopa. Juu katikati kuna kipande cha kioo kinachoshika kioo cha mbele na cha nyuma visiachane. Mafundi wengine hukiruka ili kupunguza gharama, na kwa tangi la mita moja kioo cha mbele kikibaki bila hicho kipande kinatunisha tumbo taratibu. Meza nimeiwekea pimamaji kwa urefu na kwa upana, imekaa sawa kabisa.

Sasa lita zenyewe. Kuona 200 imetoka wapi si kazi: zidisha 100 kwa 40 kwa 50 unapata sentimita za ujazo 200,000, na lita moja ni 1,000. Aliyeandika kibandiko amepima nje ya tangi. Chukua futi upime ndani: urefu ni sm 98.4, upana sm 38.4, na kimo sm 49.2 kwa kuwa kioo cha chini nacho kina unene wake. Zidisha, unapata lita 185.9. Lita 14 zimeishia kwenye vioo kabla hujamimina hata kikombe.

Na hiyo 185.9 ni kama utajaza mpaka ukingoni, jambo ambalo hakuna mfugaji anayelifanya. Mimi nafuga samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa njano, Labidochromis caeruleus. Wakifukuzana wanaruka, kwa hiyo naacha sm 5 juu. Zinabaki lita 167.

Halafu mchanga na mawe. Watu wengi wanakosea hapa kwa kuondoa ujazo wote wa mchanga, kumbe maji yanaingia katikati ya chembe. Nilijaza mchanga mkavu kwenye jagi la lita moja, nikamimina maji polepole mpaka yakatokeza juu, na jagi likapokea karibu mililita 400. Maana yake mchanga wenyewe unakula kama asilimia 60 ya nafasi yake. Tabaka langu la sm 5 lina ujazo wa lita 18.9, kwa hiyo linanyang'anya maji lita 11 na ushee. Mawe niliyaweka moja moja kwenye ndoo iliyojaa pomoni ndani ya beseni, nikapima maji yaliyomwagika. Kilo 30 za mawe zikafukuza lita 11 na nusu.

Kwenye karatasi ikaja lita 144. Wakati wa kujaza nikapima kila ndoo kwenye mizani, maana kilo moja ya maji ni lita moja na mizani haidanganyi kama mistari ya ndoo za plastiki. Nikapata 143. Hizo ndizo lita za tangi la "lita 200" likiwa na samaki ndani.

Nilipomwambia muuzaji, alinijibu kwa upole, "Dada, size hii kila duka linaandika hivyo." Nikamwambia, "Kaka yangu, kama ni hivyo andikeni vipimo, lita mtuachie wenyewe." Hakugomba, lakini nilipopita tena vibandiko vilikuwa vilevile. Hilo limenikera kuliko kitu kingine chochote kwenye manunuzi haya.

Mimi kazi yangu ni duka la dawa. Namjua mtu anayekadiria dozi kwa macho, na najua kinachompata mgonjwa. Samaki ni hivyo hivyo. Ukitibu madoa meupe kwa chumvi ya gramu 2 kwa lita, kibandiko kinakuambia weka gramu 400 wakati tangi linahitaji kama 286. Chumvi bado ina huruma kidogo. Dawa zenye shaba hazina. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vinakaa jirani, na ukizidisha kwa asilimia 40 konokono wanatangulia, kisha wanafuata samaki wasio na magamba wa jamii ya kambare, kama Synodontis. Mtu anaamka asubuhi anawakuta wanaelea, analaumu dawa au maji ya bomba. Na kama chupa ya dawa imetoka Marekani, soma vizuri: galoni yao ni lita 3.785, wakati ile ya Uingereza ni 4.546. Kuchanganya hizo mbili peke yake ni kosa la asilimia 20.

Kuna kitu kimoja nawaomba wote mkifanye. Zidisha urefu na upana wa ndani, gawa kwa 1,000. Kwangu inakuja lita 3.8 kwa kila sentimita ya kimo. Nimebandika ukanda mwembamba wa selotepu kwenye kona ya nyuma, nikauchora mistari ya sentimita. Nikitaka kubadilisha robo ya maji, navuta kwa mpira mpaka yashuke sm 9 na nusu, basi, hakuna kuhesabu ndoo. Mawe yangu hayafiki huko juu, ndiyo maana hesabu haiharibiki. Kama yako yanafika, mistari ya juu itakudanganya kidogo.

Uzito nao mfanyieni hesabu kabla ya kuleta kirikuu. Vioo peke yake ni kilo 35 hivi, ongeza maji, mchanga kilo 30 na mawe, unakaribia kilo 240 bila meza. Meza yao imebeba bila kulalamika. Kabati la sebuleni la mbao laini msithubutu.

Filta: boksi linasema lita 800 kwa saa. Ukitia sponji yake inapungua waziwazi, ila kwa lita 143 bado inatosha, na ina kelele ndogo. Taa ni ya kawaida.

Dukani wana pia matangi ya mviringo. Sijanunua, ila niliona moja la kipenyo cha sm 40 na kimo cha sm 50 limeandikwa lita 80, yaani 40 kwa 40 kwa 50 kana kwamba ni boksi. Duara linachukua kama asilimia 78 tu ya boksi la kipimo hicho. Hilo halifiki hata lita 63, na bado hujatoa unene wa kioo.

Kwa ufundi nawapa alama zote. Kwa meza pia. Kwa kibandiko siwapi kitu mpaka wakibadilishe. Mnaotaka kununua, nunueni, ila nendeni na futi, muulizeni unene wa kioo, mpime ndani mbele ya muuzaji, na mpatane bei kwa lita 185, si 200. Mimi nilipunguziwa elfu thelathini kwa njia hiyo.