Rivyu: kufuata reli ya zamani kutoka Voi hadi Taveta

Kama unapenda reli, au hata historia tu, hii safari ifanye mapema kabla vichaka havijameza kilichobaki. Kuna jamaa hapo Voi anatembeza watu na Probox yake, mnafuata ile reli iliyokufa ya Voi-Taveta kutwa nzima, kama kilomita 110 hivi, sisi tulikuwa watatu tukachanga na bei ikawa ya kawaida kabisa, chakula unajilipia. Ukifika Voi uliza steji ya matatu za Taveta, wanamjua.

Nampa nyota nne na nusu kwa sababu moja kubwa, anajua kusimulia mzigo. Wengi wakiongelea hii reli wanakwama kwa majenerali na mizinga tu, yeye kila mkisimama anauliza, hapa behewa lilikuwa limebeba nini na nani alikuwa analipwa? Ukianza kuangalia hivyo kila kitu kinaeleweka, mpaka ilivyokufa.

Mnaanza stesheni ya zamani ya Voi, siyo ile mpya ya SGR. Reli ya Uganda ilifika hapa mwishoni mwa 1897 ikapita zake kwenda Nairobi, Voi ikabaki stesheni kama zingine. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914 Wajerumani, waliokuwa wanatawala Tanganyika, wakavuka wakakamata Taveta, halafu vikosi vyao vidogo vikawa vinapenya nyikani usiku vinalipua reli kuu. Waingereza wakataka kuwafuata lakini hiyo nyika unaijua, maji hakuna, jeshi zima huwezi kulilisha kwa wapagazi na ng'ombe peke yake. Kwa hiyo 1915 wakaanza kutandika tawi kutoka Voi kuelekea magharibi, kazi ikafanywa na wahandisi wa reli wa jeshi la India pamoja na vibarua wengi ambao majina yao hayapo popote, na Juni mwaka huo reli ikawa imeshafika Maktau. Yaani Voi iligeuka makutano ya reli sababu ya maji, chakula na risasi, hakuna mtu aliyekuwa anafikiria biashara wakati huo.

Usiruke makaburi ya vita ya Voi, ni karibu na hayalipishwi. Amezikwa hapo Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyekufa karibu na Maktau Septemba 1915, alikataa kuondolewa akabaki na majeruhi wenzake, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Nilikaa pale kimya muda mrefu nikiwawaza wale wapagazi, maana wao hawana hata jiwe.

Mwatate tulipita haraka mno, na hapa ndipo nusu nyota ilipokatika. Mashamba ya mkonge ndiyo yaliyoipa hii reli maisha baada ya vita, Mwatate huku na Taveta kule kwa Grogan, yule mlowezi Mwingereza, sasa inakuwaje tusimame dakika chache tu halafu kule kasri ya Grogan tukae karibu saa nzima tukipiga picha? Ningependa nusu ya huo muda tungekaa Mwatate.

Kilima cha Salaita kimenigusa sana. Tarehe 12 Februari 1916 askari wapya kutoka Afrika Kusini walipanda pale wakidhani ni kazi ya asubuhi moja wakarudishwa nyuma vibaya, na waliowakinga wasimalizwe ni Wabaluchi, askari walewale wa India waliokuwa wakiwadharau. Kuna mbuyu mkubwa wenyeji wanasema mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani akawa anapiga watu risasi. Hiyo ni hadithi ya watu wa pale, jamaa mwenyewe anakwambia wazi kwamba ni hadithi, nikampenda zaidi kwa hilo.

Mwezi uliofuata Taveta ikachukuliwa, na mwaka huohuo 1916 reli ikaungana na ile ya Wajerumani ya Tanga-Moshi pale Kahe, upande wa Tanganyika. Zote mbili zilikuwa za upana wa mita moja kwa hiyo behewa lilipita moja kwa moja bila kupakua, na hapo sasa ndipo utamu wa biashara ulipo, kwa sababu mzigo wa Kilimanjaro ukawa na njia mbili za kufika baharini, Tanga au Mombasa, na hizo bandari zikawa zinaugombania. Tena mpaka 1963 reli ya Tanga ilikuwa haijaungana na ile ya Dar, kwa hiyo haka katawi ka Taveta ndiko kalikuwa mlango wake wa pekee wa kufikia reli nyingine. Kwa tawi lililotandikwa haraka haraka kwa ajili ya vita hicho ni kitu kikubwa sana na sijui kwa nini shuleni hatukufundishwa.

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na tawi ambalo mzigo wake ulitoka pande mbili likabaki na upande mmoja. Huo mpaka ulipofunguliwa tena 1983 malori yalikuwa yameshashika kazi, na leo lami imenyooka Voi mpaka Holili, mpakani upande wa Tanzania. Kahe treni zinapita tena tangu njia ya Dar-Moshi ifufuliwe 2019 lakini mkono wa Taveta bado umekufa. Inaniuma kweli, maana ndizi na nyanya za Taveta zinapanda lori kila siku kandokando ya reli iliyolala, sehemu nyingine huioni kabisa kwa miiba.

Vaa viatu vya kufunika, beba maji mengi, na toka Voi saa kumi na mbili asubuhi, siyo saa tatu kama sisi. Mwambie mapema unataka muda Mwatate. Yeye anaishia Taveta, ukitaka Kahe uwe na pasi ya kusafiria na uchukue gari lingine Holili.