Vyuma vya kushikilia bafuni kutoka Kariakoo: vinafaa, ila usitumie skrubu zake

Maduka ya Kariakoo yanayouza masinki na mabomba siku hizi huwa na vyuma vya kushikilia bafuni, ingawa muuzaji hukuonyesha pale tu unapomuuliza. Nilinunua viwili vya sentimita 45 kwa ajili ya mama yangu, ambaye amevuka miaka 70 na anaishi Magomeni katika nyumba yenye choo cha kuchuchumaa. Sasa vimetumika muda wa kutosha kuvitolea hukumu: vinastahili kununuliwa, kwa masharti ambayo dukani hayakutajwa.

Chuma chenyewe hakina kasoro. Hakishiki kutu, kina unene wa milimita 32, na kati yake na ukuta inabaki nafasi ya milimita 38 hivi, kiasi kwamba vidole vinakizunguka bila kubanwa lakini mkono hauwezi kupenya ukanasa mtu anapoteleza. Uso wake umekwaruzwa kwa makusudi, jambo ambalo mkono wenye sabuni huliona mara moja.

Tatizo limo ndani ya boksi. Skrubu zilizomo ni fupi, na zikishapita kwenye kigae na plasta, kinachobaki kushika tofali ni ncha tu. Matofali ya saruji ya nyumba zetu hutofautiana mno kwa ubora. Tundu la kwanza alilotoboa fundi lilimwaga mchanga mtupu, ikabidi asogee pembeni na kutumia boliti ndefu zinazotanuka ndani ya ukuta, tulizonunua kando. Viwango vya Marekani vinataka chuma cha aina hii kihimili kilo 113 hivi, na kwa kuwa hatukuwa na kipimo, fundi alikining'inia kwa uzito wake wote kabla mama hajaruhusiwa kukigusa.

Mchoro wa maelekezo nao unahusu choo cha kukaa peke yake, ilhali kuinuka kutoka kuchuchumaa ndiko kunakowashinda wazee wengi, kwa sababu misuli ya mapaja imepungua nguvu. Tuliuacha mchoro. Mama alichuchumaa na nguo zake, akapapasa ukuta, na fundi akaweka alama ya penseli pale mkono ulipofika wenyewe. “Hapo hapo, mwanangu, usikipandishe,” alimwambia, naye akaitika, “Sawa, mama.” Hicho kimesimama wima, cha pili kimelala karibu na mlango, mahali anapotilia udhu na sakafu huwa na maji muda wote.

Duka hilo linauza pia vishikio vya plastiki vinavyonata ukutani kwa mpira wa kunyonya, kwa bei ndogo na bila kutoboa kigae. Sivipendekezi hata kidogo. Hewa ikipenya kwenye mpira huachia ghafla, na kishikio kinachoachia ni hatari kuliko ukuta mtupu, kwa kuwa mtu amekwisha kukiegemea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hivi hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na wengi wao ni wenye umri unaozidi miaka 60. Kwa hiyo gharama ya vyuma viwili, ambayo haikufikia ya ndoo kubwa ya rangi, siioni kuwa anasa. Hata hivyo, chuma hakimsaidii anayepata kizunguzungu kila anaposimama. Mzee wa namna hiyo, hasa anayetumia dawa za presha au za usingizi, apelekwe kwa daktari dawa zake zikaangaliwe upya. Wala hakimsaidii asiyekiona alfajiri umeme unapokuwa umekatika, na ndiyo maana tuliongeza taa ya kuchaji juu ya mlango.

Nitarudi duka hilo kununua cha tatu, kwa ajili ya ngazi za uani. Boliti nitanunua kwingine.